Cheti cha Mkata Mti

Kijiwe hicho hakina benchi. Kina mbao za kochi la watu watatu ambalo mwenyewe aliliacha kwa fundi asilifuate tena, na Masofa, fundi makochi mwenye karakana pale kona, alichoka kulitazama akalitoa nje watu wakalie. Kila alasiri wanaolikalia ni wale wale: Katiba, karani mstaafu wa mahakama, na Gia, dereva wa teksi ambaye abiria wakimpigia simu huwaomba wasubiri amalizie hoja. Muuza kahawa anakuja na birika lake, anamimina, nao wanaihukumu dunia. Wiki ile waliiacha dunia ipumzike. Walikuwa na mti.

Mti wenyewe ni wa Masofa, mkaratusi uliopandwa na marehemu baba yake, mnene hata watu wawili wakiukumbatia vidole havikutani. Tangu mvua kubwa umeinamia chumba cha jirani, nesi anayeishi na mama yake, bibi wa miaka tisini asiyeinuka kitandani. Majuzi tawi lilishuka likapasua bati la jiko lao. Nesi hakugomba. Alisema tu kwamba upepo ukivuma akiwa kazini, hulazimika kuzihesabu dawa upya. Afadhali angemtukana. Toka siku hiyo Masofa alikuwa akitafuta mkataji.

Ndipo akapatikana mkandarasi, ana kofia ngumu, kamba, msumeno wa mashine, na zaidi ya yote karatasi yenye muhuri: cheti cha bima. Alitaka kuanza baada ya siku nne. Lakini Masofa haajiri mtu bila kijiwe kumpitisha, ndiyo desturi yao, kwa hiyo aliomba cheti abaki nacho, kikazunguka mkono kwa mkono siku tatu. Katiba alikishika mbali na uso, akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia ushahidi wa kuridhisha. Gia alikigeuza nyuma kuona kama kuna kitu upande wa pili. Wote wakasema kiko sawa.

Ubishi wao ulikuwa juu ya mengine kabisa.

— Mimi mwenye bima ananitia wasiwasi, alisema Gia. Hana woga. Mwenye mwavuli haangalii mawingu. Mpeni asiye na bima, atakata huku anamlilia Mungu wake.

Katiba akapinga kwa kirefu. Kampuni za bima, alisema, zina watu wa kupima upepo na uzito, na hazipendi hasara. Zikishampa mtu cheti, zimekwisha kujua mti wake utaangukia wapi. Si wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake?

— Ngoma imeingiaje hapa?

— Mti ndiyo ngoma yenyewe. Usinikatishe.

— Basi kama cheti kinajua yote hayo, tukipigilie misumari kwenye shina. Mti utulie, tuokoke na kazi ya kuukata.

Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Masofa naye alicheka, ila kwa kitambo kidogo wazo lile lilimvutia. Mtu aliyechoka kuogopa hukubali hata upuuzi, ilimradi aambiwe akalale.

Nesi akapita, ametoka zamu. Kwa kawaida husalimia na kwenda zake. Leo alimwamkia Katiba, akasimama, akasema amesikia mkataji anakuja kesho, je, anaweza kukiona hicho cheti? Masofa alimpa kwa fahari. Nesi akakisoma palepale amesimama, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kidole kikipita chini ya maneno, na kahawa ikapoa vikombeni.

— Kaka, hii ni bima ya lori lake. Namba ya gari hii hapa. Nyumba haimo, na watu hawamo.

Katiba akasema lakini muhuri ni halali. Nesi akakubali kwamba muhuri ni halali.

— Nani kati yenu alikisoma?

Miwani ya Katiba ilivunjika zamani, naye aliona haya kusema. Gia aliamini karani wa mahakama amekwisha kukisoma. Katiba aliamini mwenye mti amesoma. Na mwenye mti aliwaamini wao.

Masofa aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

— Sikukisoma, dada. Niliona muhuri nikafurahi. Nilitaka sana huu mti uishe.

— Hata mimi nataka uishe. Ndiyo maana nimesoma.

Wakampigia mkandarasi. Wala hakuwa tapeli. Alishangaa tu, kwake bima ni bima, na tangu aanze kazi hajawahi kuangushia nyumba ya mtu mti. "Bado," alinong'ona Gia. Masofa akamshukuru, akamwambia kesho asije mpaka apate bima ya kazi yenyewe, na kama hapati, watatafuta mwingine. Alipokata simu majani ya mkaratusi yalikuwa yameanza kuvuma, na wote wakatazama juu.

Masofa akainuka. Alisema hajui mkataji atapatikana lini, lakini mama halali tena chini ya ule mti. Kwake sebule ipo. Nesi alitaka kukataa, akashindwa, akageuka kujifuta macho. Basi wakaenda wanne, muuza kahawa akiwa ameacha birika lake, wakambeba bibi na godoro lake, kila mtu kona yake, nesi mbele akifungua milango. Bibi alikuwa mwepesi kuliko walivyodhani.

Walipofika barabarani akauliza:

— Wanangu, nitarudi kwangu lini?

Katiba alifungua kinywa kama kawaida yake, akakifunga. Masofa, aliyeshika upande wa kichwani, ndiye aliyejibu.

— Sijui, mama.

Lilikuwa neno geni kwa watu wa kijiwe kile. Bibi alimtazama kutoka pale chini, akalipokea.

— Haya. Nishike vizuri, basi.