Mkono wa Anania kwenye Lifti ya Magome

Yonathani alikufa. Kamba ya lifti ilikatika, akaanguka na magunia mpaka chini. Naanza hapo kwa sababu Anania mwenyewe kasema tukimsifu bila kumtaja Yonathani, yeye haji kwenye sherehe.

Anania anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1960, baada ya miaka kumi na miwili kwenye kampuni yetu ya miwati, miti ya magome ya kutengenezea dawa ya ngozi, hapa Njombe. Kabla ya hapo alikata mkonge Tanga. Huku alianza kwa kupanda miti. Kiwanda kilipojengwa akapewa mpini wa winchi, ule unaopandisha magome ghorofani kwa lifti ya mizigo. Mimi Gideoni ni mpakiaji. Shule sina nyingi, nimeambiwa niandike, naandika.

Siku ile ya ajali, lori lililoleta magome kutoka Makambako lilikuwa linapiga honi, linataka kuondoka kabla ya mvua. Mimi nilipakia, Anania yuko kwenye winchi. Yonathani, mpakiaji mwenzangu, akapanda pamoja na magunia. Lifti ikashtuka kwenda juu, kamba ikakatika.

Nyapara akasema wapakiaji tumezidisha. Magunia yalikuwa yamepimwa, hayakuzidi. Nani aamini? Nikasimamishwa kazi. Dorika, mjane wa Yonathani, nikimsalimu kwa kilugha chetu, kamwene, hajibu. Kanisani watu wakalihama benchi langu. Mke wangu Tabea, wakati huo yu hai, akawa anakwenda kuteka maji peke yake.

Anania hakulala vizuri. Alikuwa anakumbuka kitu ambacho kila mpakiaji anakijua. Ukipanda lifti na mzigo kichwani, inapoanza shingo inalemewa. Ikishatulia kwenye mwendo, mzigo unarudi kama ulivyokuwa. Inapokaribia kusimama juu, unakuwa mwepesi. Akamweleza Bwana Fundi, mzungu wa mitambo. Bwana Fundi akasema ni kweli, tupime.

Wakafunga kamba mpya. Ndani ya lifti wakaning'iniza mizani ya ndoano, na gunia kwenye ndoano. Lifti yetu ni ya wavu, unaona ndani. Dorika aliitwa, na mimi niliitwa. Anania akavuta mpini polepole. Mshale ulisogea kidogo tu, kisha ukarudi kwenye uzito uleule wa chini, na lifti bado inapanda. Akaishusha. Akavuta tena, safari hii kwa nguvu kama siku ya honi. Mshale ukaruka. Gunia ni lilelile!

Bwana Fundi akatuambia kamba inabeba gunia, halafu inabeba na nguvu ya kuliondoa pale lilipotulia. Ukilishtua, nguvu hiyo inakuwa kubwa. Kamba ya zamani ilikuwa na nyuzi zilizochoka. Kwa upole ingefika. Kishindo haikukiweza.

Anania akaachia mpini, akamgeukia Dorika mbele ya watu wote. "Mama Beatrisi, Gideoni hakuzidisha. Mkono ulikuwa wangu."

Dorika akaondoka. Jumapili akaniitikia salamu. Ya Anania hakuiitikia.

Mimi nikarudishwa kazini. Anania aliondolewa kwenye winchi, akabeba magunia pamoja nasi. Aliyewekwa badala yake alivuta kama anang'oa mti. Wapakiaji wenyewe tukamwomba nyapara amrudishe Anania. Toka arudi, kamba haijakatika tena, na mtu hapandi na mizigo. Kushuka ndiko alikokuwa mwangalifu zaidi, maana ukisimamisha ghafla wakati wa kushuka, kamba inalemewa vilevile. Tulimtania: "Baba Ema, humo umepakia bibi harusi?" Anajibu: "Njoo uvute wewe."

Tabea alipofariki, Anania alichimba kaburi. Hakumpa mtu jembe mpaka lilipokwisha.

Juzi Dorika alikwenda nyumbani kwa Anania, Mjimwema, na kikapu cha mbegu za viazi kutoka Iwawa. Akamwambia, "Kamwene, Baba Ema." Anania alinihadithia mwenyewe.

Anania, asante. Ulinirudishia kazi na jina. Viazi vikubali shambani, miguu ipate joto kando ya moto, Mungu akae karibu nawe na mkeo mama Ema.

Mpini nimepewa mimi. Nitavuta polepole, hata honi ikilia. Kesho narudi kazini.