Risala ya Wauza Mboga wa Kona ya Mabati Kuhusu Triza na Mzee Kyule

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Masoko; chifu wetu; mashekhe na wachungaji mlioketi pamoja nasi; wazee wa mtaa, wateja wetu, mabibi na mabwana:

Sisi akina mama wauza mboga wa Kona ya Mabati, hapa Huruma, tunakuamkua. Umefika mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, na tumeona ulivyoshika viatu mkononi ukavuka matope bila kulalamika. Karibu sana. Anayesoma ni mimi Nafiso Mumin, katibu wa kikundi, lakini maneno haya tumeyaandika sote.

TULIKOTOKA

Tulianza wanawake kumi na mmoja, magunia chini, mboga juu ya magunia. Leo tuko sitini na wanne. Wapo waliozaliwa Murang'a, wapo waliozaliwa Machakos, na wapo ambao wazazi wao walivuka mpaka wakikimbia vita. Hapa hatuulizani. Mmoja akienda kuswali au kunyonyesha, jirani humuuzia.

TULICHOFANYA WAKATI WA KORONA

Mgeni rasmi, soko hili lilifungwa kwa amri asubuhi moja, tukiwa tumeshamwagia sukuma wiki maji. Tulipewa nusu saa kuondoka. Hatukupinga, maana ugonjwa ulikuwa unaua na tuliuogopa kama wengine.

Lakini watu hawakuacha kula. Ploti nyingi za kupanga zilifunga mageti, walio ndani wasitoke na walio nje wasiingie. Ndipo mwenzetu Triza Waithera, ambaye alikuwa akiuza managu na nyanya karibu na lango, alipokuja na wazo. Tugawane magorofa. Kila mmoja awe na nyumba zake, apokee orodha, azunguke kutafuta vitu, avipeleke. Wateja wateremshe ndoo kwa kamba kutoka juu. Nguo za kuanika zilihamishwa, na kamba zake zikapandisha unga, maziwa, ndengu na dawa. Hivyo ndivyo mtaa huu ulivyonunua chakula. Hakuna aliyetutuma.

Miongoni mwa wateja wa Triza alikuwa Mzee Kyule, fundi wa viti aliyestaafu, aliyekuwa akiishi peke yake ghorofa ya tano. Miguu yake ilikuwa imechoka, tena alikuwa na ugonjwa wa sukari, kwa hiyo hakuweza kukaa na njaa. Majirani wa ghorofa yake walikuwa wamekimbilia mashambani kabla barabara hazijafungwa. Binti yake Shirleen alikuwa Mombasa, hawezi kuja. Kila Jumanne na Ijumaa Triza alisimama chini akamwita, na mzee alijibu kutoka juu kwa sauti ya kusikika mpaka Kiamaiko.

"Triza, hizi nyanya zimechoka kuliko mimi."

"Mzee, ndizo zilizobaki. Zipike leo leo."

"Nitazipika. Na wewe umekula?"

Siku zote alimuuliza hivyo. Wengine wetu tulikuwa na wateja thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuuliza kama tumekula.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, katika risala nyingi sehemu hii huwa ya choo na taa. Choo hatuna na taa zimekufa, na hayo tumeyaandika katika barua uliyokabidhiwa. Hapa tunaomba utuvumilie tuseme jambo moja tu.

Ijumaa moja Triza alitoka kununua mboga ng'ambo ya kizuizi cha polisi. Wakati wa kurudi kamba ya barakoa yake ilikatika, akawa anaishikilia usoni kwa mkono mmoja, mkono mwingine umebeba gunia. Maofisa wakamsimamisha. Lori lilikuwa hapo, watu wameshapakiwa, linakwenda karantini.

Alimwambia ofisa, "Afande, kuna mzee ananingoja. Ana sukari. Niruhusu nimfikishie chakula kisha nirudi mwenyewe."

Ofisa akamjibu, "Mathe, kila mtu ana mzee wake. Panda."

Hakumpiga wala hakumtukana. Alikuwa kijana aliyechoka, na tunaamini alikuwa amesikia maneno kama hayo tangu alfajiri. Triza akapanda. Simu zao ziliwekwa katika kasha mpaka siku ya kutoka, kwa hiyo hakuweza kutupigia. Shirleen alimpigia mara nyingi kutoka Mombasa kwa sababu simu ya babake ilikuwa imezimika. Ya Triza pia ilikuwa imezimwa.

Sasa tunafika kwenye jambo gumu kwetu, na tumekubaliana tuliseme mbele yako. Habari kwamba Triza amechukuliwa zilitufikia jioni ile ile. Wateja wake tuliwagawana. Mwenzetu Ambaro Jimale alidhani Mzee Kyule amechukuliwa na mimi. Mimi nilidhani amechukuliwa na Ambaro. Jumanne nilipita chini ya ile ploti nikamuuliza mlinzi, akaniambia, "Ndoo yake imening'inia pale. Mzee yuko sawa, angekuwa na shida angeita." Nikatosheka na jibu hilo. Nilikuwa na mizigo ya wateja kumi na wawili mgongoni, nikaenda zangu.

Siku ya nane mlinzi alipanda. Mzee Kyule alikuwa ameketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, karibu na dirisha. Jikoni hamkuwa na kitu ila chumvi. Alizikwa na watu wanne waliovaa nguo nyeupe, na sisi tulisimama barabarani kwa mbali. Shirleen aliyaona mazishi ya babake kwenye simu ya Ambaro.

Siku ya kumi na nne Triza aliachiliwa. Hakwenda nyumbani. Alitoka kituoni kwa miguu, akapita akikusanya vitu: managu, ndengu, maziwa mawili. Orodha ya mzee alikuwa nayo kichwani. Alitupita hapa nje ya lango tukigawana mizigo ya wateja, akatusalimia akicheka kwa kuwa ametoka, na sisi wanawake wote tuliokuwepo tukaitikia salamu. Hakuna aliyemwambia. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Akaenda akasimama chini ya ghorofa, akaita. Akaita tena.

Ambaro ndiye aliyemfuata. Anasema alimkuta ameinua uso, amekinga jua kwa kiganja, akamwambia, "Triza dadangu, mzee hayupo." Triza akauliza, "Amepelekwa wapi?"

Toka siku ile hajauza mboga tena. Anafulia watu nguo. Sisi tulimwomba msamaha, akatuambia hana neno nasi. Lakini hapiti njia hii.

TUNAYOOMBA

Kwanza, ugonjwa mwingine ukija, na amri zikaja, tunaomba wanaowanunulia chakula wasioweza kutoka wapewe kibali cha kupita. Na mtu yeyote akizuiliwa, hata kama ana kosa, aulizwe nani anamngoja, na jina hilo lifikishwe kwa chifu siku hiyo hiyo. Ni swali fupi.

Pili, vibanda hivi vipya unavyovifungua leo vimegawanywa kwa kufuata majina yaliyoandikwa mwaka ule wa korona. Karani alipokuja kuandika wauzaji wa soko lililofungwa, aliandika waliokuwepo. Triza Waithera alikuwa karantini. Kwa hiyo, kwa mujibu wa serikali, mwanamke aliyeulisha mtaa huu hajawahi kuuza mboga Kona ya Mabati. Tunaomba jina lake liingizwe.

Alipopata habari kwamba tutakuomba hivyo, alitukataza. Alisema kibanda apewe mwenye watoto wadogo. Tumemkatalia. Huenda asije kukikalia kamwe, na hatutamlazimisha.

TAMATI

Mama Mkurugenzi, tukimaliza kusoma tutakutembeza. Kibanda cha tatu kutoka langoni utakikuta kitupu. Tumekifagia leo asubuhi, na kila mmoja wetu ameapa hataweka hata kitunguu pale. Tunakusihi usimpe mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani salama, uwakute wote uliowaacha. Amlaze pema Mzee Kyule. Na sisi atusamehe tulipokosea.

Ni sisi,
Kikundi cha Tushikane, Akina Mama Wauza Mboga wa Kona ya Mabati, Huruma.