Dirisha la Soli

Tangu fundi saa azikwe, kijiwe kilihamia ndani ya kibanda cha Soli, mshona viatu. Benchi liliingizwa, mlango ukashindikwa, dirisha likapigwa misumari, ili mkono wa mtu usipate pa kupenyezea sumu katika birika. Ndani mlinuka gundi na kahawa. Soli alishona kisigino huku akikohoa ndani ya kiwiko, taratibu, kama mgeni abishaye hodi kwa haya.

— Onja kwanza, mama, alisema Spoku, fundi baiskeli.

Bi Birika, muuza kahawa, akapiga funda.

— Nimekufa? Haya, leta kikombe.

— Usitanie. Marehemu alikonda hata suruali ikamkimbia. Ile ni sumu ya polepole.

— Ya nani? Mteja gani ataua mtu kwa saa kuchelewa dakika kumi?

— Ilitiwa ndani ya saa! Yeye akipuliza vumbi, akivuta pumzi, kwisha.

— Basi wewe mpuliza matairi tungekuzika zamani.

— Mimi natumia pampu, mama!

Soli alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wakamsubiri, macho chini. Shati lilimpwaya siku hizi. Moyoni alikwisha kujihukumu: sumu ile ile imemfikia, na sumu ya watu haina hospitali.

Mlango ukagongwa. Akaingia binti mwenye mkoba.

— Shikamooni. Natoka zahanati; napita penye misiba, tunachunguza waliofariki waliuguaje. Mjane wa fundi saa kanielekeza hapa.

— Marahaba. Andika sumu, mwanangu, alisema Spoku.

— Nitaandika, mjomba. Alikuwa akikohoa?

— Mno! Tulimwita Injini.

Soli akakohoa tena. Binti akamgeukia.

— Na kikohozi chako, baba, kilianza lini?

Bi Birika akamtazama Spoku; Spoku akalitazama birika. Walijua kuwataja maadui wote wa marehemu, ila hilo la rafiki yao hakuna aliyelijua.

— Huenda ni kifua kikuu, huenda sicho, alisema binti. Makohozi yakipimwa tutajua. Kina dawa, baba. Watu wanapona.

— Dawa ya sumu?

— Ya kikohozi.

Soli akaweka sindano chini, akatwaa koleo, akaenda dirishani, akaanza kung’oa misumari. Spoku akainuka kumsaidia. Mwanga ukaingia, na upepo nyuma yake.

— Kesho asubuhi nakupeleka mwenyewe, alisema Bi Birika. Ukikataa, nakutilia sumu kweli.