Bonareri na Moto Usiogeuza Zebaki

Wasikilizaji wapendwa, Sabato ile nafasi ya Bonareri kwenye kwaya ilikuwa tupu. Bonareri hakuwahi kukosa. Hapo ndipo tulipoanza kuogopa.

Bonareri Nyamweya, mama wa miaka hamsini na mbili, alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa huku kwetu Migori. Wachimbaji huinasa dhahabu kwa zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha. Vikishikana hutoka donge jeupe. Bonareri alikuwa akilinunua donge hilo na kulichoma kwenye jiko la makaa, likabaki la njano.

"Si unaona? Lilikuwa jeupe, sasa ni dhahabu tupu. Zebaki imegeuka," alizoea kusema.

Kaka yake, Mosoti, anafundisha kemia Homa Bay. Kila likizo walibishana.

"Dada, haigeuki. Elementi kuwa elementi nyingine ni kazi ya nyota. Nyota zikilipuka, zikigongana, ndipo dhahabu inazaliwa. Jiko lako ni la kuchemsha chai. Zebaki inapaa tu kama mvuke, na wewe unaivuta."

"Mwalimu, basi ziambie hizo nyota zako zilipukie hapa Nyatike, nipumzike!"

Alicheka. Lakini siku zote alichomea nje. Sikieni hilo, wasikilizaji: nje, uani.

Ijumaa ile mvua ilinyesha. Jua lilikuwa karibu kutua, Sabato inaingia, na Bonareri hakushika kazi siku ya Sabato. Akaliingiza jiko jikoni. Akafunga dirisha, akachomea humo. Bintiye, Dolphine, alikuwa ameketi hapo hapo akichambua mboga. Dolphine ana mimba ya miezi saba.

"Mama alikohoa," Dolphine aliniambia. "Akasema ni moshi wa makaa. Lakini moshi wenyewe mimi sikuuona."

Asubuhi kifua kilimbana. Jumatano Bonareri akafariki.

Mosoti aliniambia kwa sauti ndogo: "Miaka kumi na tisa nafundisha habari za nyota. Sasa namwogopea huyu aliye tumboni."

Familia ya Nyamweya, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayechoma dhahabu ndani ya nyumba, hebu tazama ni nani amekaa kando yako. Zebaki haigeuki, wasikilizaji wapendwa. Inahama. Inatoka kwenye donge, inaingia kifuani.

Dolphine alipimwa damu jana, Homa Bay. Majibu yanatoka Jumatatu.