Aliyehesabu Nondo Kwanza

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha wadudu cha kituo chetu cha utafiti wa mazao, Mzee wa Mbawa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi. Mkewe yeye huapa kwamba ana wake wenza mia mbili, wote wanakaa kwenye droo.

Alianza kama mfagizi, tena mfagizi wa taratibu mno, maana kila mdudu aliyefia dirishani alimwinamia kwanza. Mkuu wa wakati huo akaona heri ampe pini na droo.

Wageni huwafungulia droo moja tu. Kushoto nondo wa viwavijeshi, rangi ya vumbi. Kulia kipepeo adimu wa msituni, buluu inayohamahama ukisogeza kichwa. Vipapasio vya kipepeo vina kifundo nchani, vya nondo ni kama uzi. Watoto wa kipepeo hula mmea utambaao wa aina moja tu, ukikatwa basi. Wa nondo humaliza shamba na bado wana njaa. Kisha huwauliza yupi wa kuchungwa zaidi. Wote hunyoosha kidole kulia, naye hutabasamu tu.

Mwaka wa kumi na moja wa Mzee kazini, kipepeo huyo aliingia maabara mchana kweupe, akaelea juu ya meza zetu kana kwamba jengo zima limelala na yeye ndiye ndoto. Lo! Kazi zilisimama. Siku tatu tulimfuata kwa macho, dirisha hadi dirisha, mpaka akafa, na siku tatu hakuna aliyekwenda kuhesabu nondo mtegoni, hesabu inayotabiri viwavi. Onyo kwa wakulima halikutoka. Viwavi wakala mahindi ya wilaya nzima, yakiwemo ya dada mkubwa wa Mzee, aliyemlea.

Barua ya kukiri uzembe aliiandika Mzee. Cheo kikampita, na dada yake hakumfungulia mlango miaka miwili. Tangu hapo ni nondo kwanza, chai baadaye, na onyo halijachelewa tena.

Mzee wangu, wote wanaamini zamu ya mtego wiki ile ilikuwa yako. Ilikuwa yangu. Nilikuwa na mtoto mchanga na kazi ya mkataba, ukaniambia ninyamaze, yaliyopita si ndwele. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili. Leo nimeandika, na nakala ya kwanza nimempelekea dada yako mwenyewe. Asante, ndugu yangu. Nenda ukapumzike, jina lako likiwa safi.