Jonah arap Kosgei na Madaftari Kumi na Moja

Marehemu Jonah arap Kosgei, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 22 Agosti 1959, alizaliwa mwaka 1914 hapa hapa nyumbani, karibu na Ravine, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kosgei. Alipokuwa na miaka sita alimfuata mfua chuma siku mbili mfululizo, akimuuliza kwa nini chuma kikiingia motoni hubadilika rangi. Siku ya tatu mfua chuma alikuja kwa baba yake kutaka kujua mtoto huyu ametumwa na nani. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini Jonah tangu utotoni akiuliza, watu hawakumjibu kabla ya kutazama nyuma yake.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1924, akabatizwa 1929, akamaliza darasa la sita mwaka 1931. Mwalimu wake alimsifu na kumchapa kwa sababu ile ile. Tarehe 6 Machi 1933 aliandikwa kazi ya ukarani wa mizigo katika stesheni ya Nakuru, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita bila kupata hata barua moja ya onyo.

Tarehe 17 Desemba 1938 alifunga ndoa kanisani na Chepngeno, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Jepchumba. Waliishi katika nyumba za reli, chumba kimoja na jiko. Chepngeno anakumbuka kwamba wiki ya kwanza ya ndoa mumewe alimuuliza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, hupakwa mkaa wa mti gani kwao, na kwa nini si mti mwingine, kisha akaandika jibu. Mkewe alicheka siku ile. Hakujua kwamba ataishi na kalamu hiyo.

Mwaka 1951 gazeti moja la Kiswahili liliwaomba wasomaji walete hadithi fupi, na Jonah akaanza yake. Ilihusu mwanamke aitwaye Wachuka, anayemngoja mumewe afike kwa treni ya jioni. Hadithi yenyewe ni kurasa nne. Lakini ili aandike kwamba Wachuka alisikia treni, Jonah alikwenda Longonot likizo yake yote akasikilize treni inavyohema kwenye mlima. Huko akaona kwamba hajui Wachuka ameegemea mlango wa mbao gani. Kuuliza habari za mbao kukampeleka Elburgon, kwenye viwanda vya kupasulia magogo. Mbao zikamleta kwenye misumeno, misumeno kwenye ng'ombe wa kukokota magogo, ng'ombe kwenye chumvi wanayolamba, na chumvi ikamrudisha kwenye vitabu vya mizigo vya stesheni, atafute iliingia Nakuru mwaka gani. Madaftari yakafika kumi na moja. Wachuka bado alikuwa ameegemea mlango.

Wasifu wa mtu mwingine ungetoka hapa ukaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Wazee wa ukoo walitaka hivyo, na mchungaji pia alishauri hivyo kwa upole. Mjane amekataa. Juzi, mbele ya wote, alisema: "Msiposoma nyinyi, nitasema mwenyewe nikiwa nimeshika udongo." Kwa hiyo mimi Kipsang, mdogo wa marehemu, ninasoma.

Kila mtu hapa anakumbuka mwaka 1954 ulivyokuwa. Ilikuwa hali ya hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau misituni, na mtu mwenye daftari alikuwa wa kuogopwa kuliko mwenye panga. Kule Elburgon Jonah alikuwa amempata Mzee Kahiga, mpasuaji mbao, mtu aliyeujua msitu wa Mau kama ua wa nyumba yake, na aliyefurahi kuulizwa. Mwezi wa Januari Jonah alikwenda kwake Jumamosi tatu. Kahiga alimwambia jinsi gogo linavyolia kabla ya kupasuka, saa ambazo malori huondoka, na njia ambayo mtu angeweza kupita msituni hadi upande wa Narok asionekane, kwa sababu Jonah alitaka kujua mume wa Wachuka angerudije nyumbani kama treni ingemwacha. Yote aliyaandika, na juu ya ukurasa akaandika jina la Kahiga ili asije akamdhulumu maneno yake.

Nyumbani Chepngeno aliona mambo mengine. Aliona mume anayeondoka Jumamosi asubuhi akiwa amenyoa ndevu, anarudi jioni na unga wa mbao kwenye koti, kisha anakaa akitabasamu peke yake. Kusoma alifundishwa kidogo tu katika darasa la ubatizo, lakini kulimtosha kutambua jina. Alifungua daftari akamkuta Wachuka. Akafungua ukurasa mwingine, Wachuka yuko tena. Wivu ulimshika, anasema. Angeweza kumuuliza mumewe. Lakini mwaka ule hakuna aliyeuliza mtu swali akitegemea kuambiwa ukweli, na yeye hakuwa tofauti na wengine.

Ijumaa tarehe 12 Februari alifunga daftari ndani ya leso, akalipeleka kwa karani mmoja wa serikali aliyekuwa akisali nao, mtu wa kuaminika, amsomee kila palipoandikwa Wachuka. Karani alisoma ukurasa, akarudi nyuma, akausoma tena. Habari za Wachuka hakumpa.

"Mama Jepchumba," alisema, "huyu Kahiga ni nani?"

Chepngeno alisema hamjui. Karani akamwomba daftari libaki kwake hadi Jumatatu, naye akaliacha, kwa sababu alikuja na swali la mwanamke na hakuona swali la Kahiga linamhusu nini.

Jumanne Mzee Kahiga alichukuliwa. Alikaa kizuizini miaka minne. Jonah naye alishikwa siku mbili, akaulizwa mbona mtu wa mizigo anaandika njia za msituni. Alisema ni hadithi. Walipomwambia aonyeshe hadithi yenyewe, alitoa kurasa nne, na hakuna aliyeamini kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kujaza madaftari kumi na moja kwa ajili ya kurasa nne. Mkubwa wake kazini alimdhamini akatoka. Kahiga hakuwa na wa kumdhamini.

Jonah aliporudi nyumbani, akiwa ameshaambiwa daftari lilipelekwa na nani na kwa swali gani, alikaa kitandani bila kuvua viatu. "Mama Jepchumba, huyo Wachuka hayuko," alimwambia mkewe. "Ni mtu nimetunga." Chepngeno akaanza kulia, akataka kwenda kusema ni yeye aliyepeleka daftari. Jonah alimzuia. "Wacha waseme ni mimi. Mimi wameshazoea kunishuku. Wewe watakumaliza."

Na watu walisema. Lisemwalo lipo, ndivyo walivyosema Elburgon, na Nakuru, na hata hapa Ravine: Jonah alimuuza Kahiga. Kwenye mabomba ya maji wanawake walinyamaza mkewe akifika, na Chepngeno alijua wananyamazia kosa lake wakidhani ni la mumewe. Kahiga alipoachiliwa mwezi Machi 1958, Jonah alikwenda kwake mara tatu. Mara zote mlango haukufunguliwa. Alikaa nje kwenye gogo mpaka saa ya lori, akarudi. Kutamka maneno mawili, "mke wangu", kungetosha kufungua mlango ule, naye hakuyatamka. Hakuandika tena hadithi.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kuumwa ini. Alilazwa hospitalini Nakuru tarehe 2 Agosti, na hata huko alimuuliza daktari ini la mtu mzima lina uzito gani, daktari akamjibu, naye akasikitika kwamba hana pa kuandika. Alifariki Jumanne tarehe 18 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Chepngeno. Watoto, Jepchumba, Kibet na Chelimo. Ndugu yake Kipsang. Na jina ambalo hakulistahili. Mzee Kahiga tumempelekea neno aje. Hatujui kama yuko kati yetu. Kama yuko, Mzee, aliyekupeleka kizuizini si huyu tunayemfukia. Ni mwanamke aliyesimama hapa kichwani pa kaburi, na hataondoka mpaka umwambie lililo moyoni mwako.

Jonah, wewe lala kwa amani.