Lori la Pamba na Bomba Lililovishwa Nikeli

Mwangaluka, ndugu zangu! Aa, mmeitikia kivivu. Mnaitikia mtu aliyetoka motoni, jamani. Mwangaluka! Haya, hapo sawa.

Mchungaji ameniambia nisiseme maneno mengi, na mimi nimekubali, ila mnajua dereva akipewa barabara. Nitajitahidi.

Wengi wenu mnanijua kama fundi pale kwenye magereji. Ila kabla ya hapo nilikuwa dereva wa lori, na kazi yangu ilikuwa kubeba pamba ya wakulima kutoka Kimali kuileta huku Bariadi, jineri, kiwandani pamba inakochambuliwa. Kazi niliipenda. Nikipita kijijini akina mama walinipungia mkono, maana pamba ile ndiyo sare za shule na ndiyo bati la nyumba.

Sasa lori lile bomba lake la ekzosi lilikuwa limeoza. Bomba la ekzosi linapitisha moshi wa moto kutoka kwenye injini, na pale karibu na injini chuma huiva mpaka kuwa chekundu. Chuma kinachopata moto namna hiyo kila siku, kisha kikapigwa na maji ya mvua, kutu hukila upesi. Nilimwambia tajiri, mwenye lori. Akanijibu, "Tumalize kwanza msimu."

Hatukuumaliza. Mchana mmoja nikiwa njiani na mzigo mzima, utingo wangu akaanza kugonga paa la kibanda cha dereva kama kichaa. "Moto! Shuka, moto!" Bomba lilikuwa limetoboka chini ya bodi, na moshi ule wa moto ulikuwa unapuliza mbao moja kwa moja. Pamba mnaijua. Haikupi hata nafasi ya kusema Yesu. Nikapanda nikavute turubai, nikidhani nitaokoa hata robo ya jasho la watu. Turubai likayeyukia mikononi mwangu. Utingo ndiye aliyenivuta kwa mkanda wa suruali tukaanguka wote shambani kwa mtu.

Ndugu zangu, nawaambia, maumivu ya mikono yalikuwa makali, lakini nilipotoka hospitali nikakuta maumivu mengine yananisubiri. Watu wanasema dereva alikuwa anavuta sigara. Mimi, ambaye sijawahi kuweka sigara mdomoni! Na tajiri, aliyejua habari ya bomba, alinyamaza. Wale akina mama wa Kimali waliokuwa wananipungia mkono, sasa nikipita wanageukia ukutani.

Nikajifungia ndani. Vidole vilikuwa vimejikunja kama kucha za kuku aliyekufa, havifunguki. Mke wangu, yule pale amejifunika kitenge, ameanza kulia na mimi hata sijafika mbali, alinilisha ugali kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mbele ya watoto wangu. Pikipiki ikipita nje, nikisikia ekzosi yake, naziba masikio. Siku moja nikamwambia, "Umeolewa na mume, sasa una mtoto." Akasema, "Baba, meza kwanza. Utaongea ukishashiba."

Ni yeye aliyenisukuma niende Mwanza kwenye mazoezi ya mikono. Huko benchini nikakaa na mama mmoja mtu mzima, ana makovu mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza, "Mama, na wewe ni moto?" Akacheka. "Asidi, mwanangu. Mimi navisha vyuma nikeli. Na wewe?"

Nikamweleza yote, hata habari ya sigara. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali kama daktari. Bomba lilipita wapi? Lilitoboka upande gani? Moto ulianzia mbele au nyuma? Nikajibu. Akasema, "Hiyo haikuwa sigara. Bomba ndilo lililochoma."

Ndugu zangu, nililia pale benchini kama mtoto. Baada ya nyumba yangu, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniamini. Akaongeza, "Ukimaliza kulia, njoo karakana kwangu. Nina vyuma vya kufunga nyaya, na vidole vyako vinahitaji kazi."

Nikaenda. Kazi yenyewe iko hivi. Unachukua kipande cha chuma, unakisafisha kwa asidi, unakifunga waya wa shaba, unakining'iniza ndani ya beseni la maji yenye dawa ya nikeli, pembeni unaweka bamba la nikeli, unapitisha umeme. Nikeli inatoka kwenye bamba, inakuja kukaa juu ya chuma, inakivaa kama ngozi. Kufunga nyaya zile kulinitoa machozi. Kila siku vidole vikafunguka kidogo. Siku niliyorudi nyumbani kusalimia nikakata tonge mwenyewe, mke wangu aliinuka mezani akaenda kusimama nje.

Mama yule alinifundisha na kukataa. Wateja walikuwa wanaleta bomba la ekzosi wanasema, "Tupakie zinki, ni rahisi." Anakataa. Zinki kwenye chuma cha moto mkali huyeyuka, na moshi wake unamlaza fundi na homa. Nikeli ndiyo inavumilia. Na alikuwa akisema, "Nikeli haizuii joto. Inazuia kutu. Usimdanganye mtu."

Nikarudi Bariadi nikafungua kibanda changu. Kazi ya kwanza ilikuwa manifodi, lile dude zito la chuma lililobanwa kwenye injini yenyewe kupokea moshi. Nikalivisha, likang'aa, nikatembea kifua mbele. Haikupita wiki mwenye gari kalirudisha. Nikeli imefura malengelenge, inabanduka kama magamba ya sato. Magereji yote yakacheka. "Huyu kazi yake ni kuunguza tu!" Neno hilo lilinichoma kuliko lile turubai.

Nikampigia simu mama. Nilidhani atanionea huruma. Akasema, "Uliliosha nje tu, siyo? Chuma cha kumiminwa kina vitundu, kimekunywa mafuta miaka yote. Kipike kwanza tanuruni mafuta yatoke, kipige mchanga, ndipo ukivishe. Kata simu ukafanye kazi."

Nikafanya. Nikalirudisha bure kwa mwenyewe, nikeli ikashika. Akaja wa pili, akaja wa tatu, mpaka waliokuwa wanacheka wakaanza kuniletea vya kwao.

Sasa sikieni. Msimu ulipokaribia, nani anasimama mlangoni kwangu? Tajiri. Amenunua lori lingine. Amesimama anazungusha kofia. "Fundi, nataka bomba lote livishwe, na manifodi." Nikamwambia, "Nitavisha. Lakini kwanza twende jineri, pale wanapokusanyika madereva na wakulima, ukaseme kilichounguza pamba."

Akaivaa kofia yake. Nikajua ataondoka. Akasema, "Twende."

Na alisema, ndugu zangu! Mbele ya watu, kwa sauti: "Bomba ndilo lililounguza. Huyu aliniambia, mimi nikasema tumalize msimu. Hakuvuta sigara." Mzee mmoja wa Kimali, ambaye pamba yake iliteketea siku ile, alikuja akashika mikono yangu hii yenye makovu, akaigeuza, akaitazama. Akasema, "Wabeja, asante mwanangu. Ulitaka kutuokolea."

Nikalivisha bomba lile kuliko nilivyowahi kuvisha chuma chochote. Nikafunga na bati la kukinga joto chini ya bodi. Nilipomaliza, tajiri akaninyooshea ufunguo. "Mzigo wa kwanza upo Kimali. Nani ataendesha?"

Niliuchukua ufunguo nikabaki nimesimama nje ya mlango wa lori, siwafichi. Mke wangu alipanda kibandani kabla yangu, akafunga mlango, akasema, "Mimi nimeshakaa. Washa." Nikawasha. Tukaenda Kimali barabara ileile, tukapakia, tukarudi. Tulipokuwa tunatoka kijijini akina mama walipiga vigelegele mpaka vumbi likatufunika. Msimu ulipokwisha nililala chini ya lori nikalikagua bomba. Limegeuka rangi ya manjano kidogo kwa joto. Tundu hakuna, kutu hakuna, na pamba yote ya Kimali ilifika!

Namshukuru Mungu. Namshukuru utingo wangu na ule mkanda wa suruali. Namshukuru mama wa Mwanza, na tajiri pia, maana kusimama mbele za watu vile si kazi ndogo. Na wewe uliyejifunika kitenge, kifunue, watu wakuone.

Neno langu kwenu ni moja. Mtaani kwako yupo mtu amejifungia ndani. Ukienda kumwona usimpelekee pole tu. Muulize kilichompata, umsikilize mpaka mwisho, halafu umpe kitu cha kushika mkononi. Wabeja sana.